Anayeondoka Alete Mtu

Fundi Funguo alikuwa amefungua milango ya nusu ya mtaa, lakini kulikuwa na mlango mmoja uliomshinda, nao ni wa nyumba yake mwenyewe. Kitasa kilikuwa kinakwama. Mkewe, muuguzi wa wodi ya wazazi ambaye mtaa mzima ulimwita Sista, alimwambia kwa upole, akamwambia kwa utani, akamwambia kwa sauti ya kumkalisha mtu kitako. Jibu lilikuwa lilelile: "Kesho, mwenzangu." Kesho ikifika, kuna mtu kafungiwa nje mahali fulani, na Fundi anakimbilia huko na mkoba wake wa vifaa. Yule ni mteja bwana, na mke si mteja.

Basi siku moja Sista akatoka kazini miguu imevimba, masikio yamejaa vilio vya watoto wa watu, akakuta kitasa kimegoma kabisa. Akasukuma kwa bega, akasukuma kwa nyonga, wapi! Akampigia mumewe simu. Mumewe akasema yuko kwenye kazi ya haraka, kuna mtu kafungiwa nje.

"Na mimi niko wapi?" Sista akauliza, lakini simu ilikwisha kukatwa.

Ikanyesha mvua, nayo mvua haina adabu. Fundi aliporudi alimkuta mkewe ameketi kwenye ngazi, ameloa chapachapa, na jirani amesimama pembeni amemshikia mwavuli. Mwavuli wa jirani ndio uliomuuma Fundi, wala si kuloa kwa mkewe. Kuaibishwa mbele za watu! Yeye, fundi wa kufuli anayejulikana!

"Kama mimi sifai, sema niondoke," akafoka.

"Mimi nimesema utengeneze kitasa," Sista akajibu.

Mwenye akili zake hapo angechukua bisibisi. Fundi alichukua sanduku la nguo.

Nyumba aliyoipata ilikuwa ghorofa ya tatu, vyumba viwili na dirisha linalotazama ukuta wa ghala. Mwenye nyumba alikuwa mama mjane, karani wa mahakama aliyestaafu, na kustaafu kwenyewe kulikuwa kwa jina tu. Mkataba aliuandika mwenyewe, na hakuwa mtu wa kukupa karatasi utie sahihi ukaondoke zako. Alikusimamisha wima katikati ya sebule yake, mkono wa kulia juu, akasoma kifungu kimoja kimoja, nawe ukarudia kwa sauti. Ukirudia kwa kumungunya maneno, anaanza upya.

"Ufunguo ni mmoja, hauchongwi wa pili," akasoma mama.

"Ufunguo ni mmoja, hauchongwi wa pili," akarudia mchonga funguo.

"Anayeondoka kabla ya mwaka kwisha, alete mtu."

"Alete mtu."

"Kamili!"

"Anayeondoka kabla ya mwaka kwisha, alete mtu."

"Na mtu huyo naye akiondoka, nyumba inamrudia aliyemleta."

Fundi akarudia na hicho, tena kwa sauti ya kiume, lakini akili yake haikuwepo. Akili yake ilikuwa inatunga namna habari zitakavyomfikia mkewe. Mwezi mmoja ungetosha kumtisha mtu, ila Fundi alitaka mwaka. Mwaka mzima! Asikie huko aliko kwamba mwanamume hakutania.

Sista alisikia. Akanunua mwavuli, maisha yakaendelea.

Tusidanganyane, Fundi aliteseka mle ndani. Alikuwa mtu wa kuzungumza, na hapakuwa na wa kuzungumza naye. Alizungumza na birika. Alipika chai akamimina vikombe viwili, akabaki anakitazama cha pili mpaka kikapoa. Ule ukimya wa ghorofa ya tatu ulimlalia kifuani, na asubuhi alikuwa wa kwanza kufungua kibanda chake sokoni ili angalau amsikie mtu anakohoa. Wateja wakimuuliza habari za nyumbani anasema, "Nimetulia, ndugu yangu. Mimi sasa hivi ni mfalme." Wakishaondoka anapangusa macho kwa kitambaa chenye grisi, na macho yanazidi kuwasha.

Halafu mchana mmoja Sista akaja kibandani. Alikuja na sare zake za kazini, akapanga foleni kama watu wengine, nyuma ya kijana wa pikipiki na bibi mwenye kufuli la banda la kuku. Zamu yake ilipofika akaweka mikono juu ya meza.

"Kuna kitasa kimenishinda," akasema.

Fundi alitaka kujibu jambo la maana, yakamtoka maneno mawili tu. "Kipo wapi?"

"Kwangu. Kwako." Sista akatazama pembeni. "Nimechoka kusukuma mlango peke yangu, mume wangu. Rudi. Lakini usikie vizuri: sitaki mtu wa kurudi mguu mmoja. Ukiingia nyumbani kwangu usiwe na ufunguo wa nyumba nyingine mfukoni. Kila tukikwaruzana uwe unaupapasa? Hapana. Ukautue huko kwanza, ndipo uje."

Jamani, Fundi angemrukia mkewe shingoni palepale kama si yule bibi wa banda la kuku aliyekuwa bado anasikiliza. Akafunga kibanda jua likiwa utosini, akakimbia mbio mpaka kwa mwenye nyumba. Akasema yuko tayari kulipa faini yoyote, ataje tu.

"Pesa sitaki," akasema mama. "Wewe ulisema nini hapa, mkono juu? Alete mtu. Lete mtu."

Ndipo Fundi akageuka dalali. Kila aliyekuja kuchonga ufunguo aliuziwa ukimya. "Wewe unaishi wapi? Pale barabarani? Pole sana. Mimi nina mahali, ukimya wake si wa kawaida. Ukitia sukari kwenye chai, unaisikia ikiyeyuka!" Hiyo ya sukari ilimjia tu mdomoni, lakini watu waliipenda, akaishikilia. Akaongeza na kiti cha dirishani, na upepo, na raha ya mtu kurudi kwake asiulizwe ulikuwa wapi. Ukuta wa ghala aliuruka.

Watu walikwenda, mama akawarudisha. Mmoja alikuwa anapiga mluzi akipanda ngazi. Mwingine alisema ana marafiki wengi. Wa tatu alirudia vifungu vizuri mpaka cha mwisho, akacheka. Fundi akaanza kukonda.

Katikati ya hekaheka hizo akaja baba mkwe wake. Mzee huyu aliendesha basi maisha yake yote, na abiria walimpa jina la Taratibu, maana hakuna aliyewahi kufika mapema naye. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo mkewe alimsaidia kuyasema. Alileta ufunguo wa sanduku la vifaa uchongwe mwingine, akaketi kwenye kigoda kusubiri.

Fundi, mdomo ukimwasha, akaona afanyie mazoezi hapohapo. Nia mbaya hakuwa nayo, alitaka tu kuyanoa maneno. Akaanza: ukimya, upepo, huulizwi ulikuwa wapi, sukari kwenye chai. Mzee Taratibu alisikiliza macho chini. Mwishoni akauliza jambo moja tu.

"Hicho kiti cha dirishani kina mikono?"

"Kina mikono, Baba. Na mto."

"Aa," akasema mzee, akachukua ufunguo wake akaondoka.

Kesho yake mwenye nyumba akampigia simu Fundi aje upesi, mtu kapatikana. Fundi akapanda ngazi tatu tatu. Alipoingia sebuleni akamkuta baba mkwe wake amesimama wima, mkono bado uko juu, anarudia vifungu kwa utaratibu wa kumfurahisha karani yeyote duniani. Pembeni yake kuna begi dogo.

"Baba! Shikamoo. Kulikoni?"

"Marahaba. Nimekuja kuhamia."

"Na Mama?"

"Mama yako yupo nyumbani. Anaongea."

Mwenye nyumba akagonga meza. "Huyu ndiye uliyemleta wewe? Sina nafasi ya mchezo. Unamjua?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema hapana. Fundi alijua. Alijua kabisa kuwa huyu ni baba wa mkewe, ana nyumba yake, ana mke wake wa tangu ujana, na kwamba neno moja la "Baba, turudi nyumbani" lingemaliza mambo. Lakini akilini alimwona pia Sista amesimama kwenye foleni na sare zake. Mfukoni ufunguo ulikuwa unamchoma. Akajiambia mzee hatamaliza wiki mle ndani, ukuta wa ghala utamfukuza.

"Namjua," akasema. "Mtu mtulivu sana."

"Ahsante, mwanangu," akasema mzee, na machozi yakamlengalenga.

Fundi alirudi kwake jioni ile mikono mitupu na mifuko mitupu, akaigeuza nje mbele ya mkewe kama mtoto aliyetuhumiwa kuiba peremende. Sista akacheka mpaka akaketi. Wakala, wakasimuliana hata ile ya sukari, chai ikamiminwa vikombe viwili na vyote vikanyweka. Fundi akakichungulia kitasa, akasema kinataka springi mpya.

"Utakiweka lini?"

"Kesho, mwenzangu."

Kesho ilileta mama mkwe. Aliusukuma mlango kwa bega mpaka ukaachia, akaingia na mifuko minne na redio kubwa ya betri ambayo tayari ilikuwa inasoma taarifa ya habari.

"Baba yako amenikimbia!" akamwambia Sista, akiketi. "Na umri huu! Ameacha karatasi mezani, ameandika 'nimepata kiti'. Kiti! Kwangu viti havipo? Na nasikia kuna mtu, mimi simtaji, kuna mtu aliyemtafutia nyumba, akamsifia, akamshuhudia mbele ya mwenye nyumba. Mimi simtaji." Akamkazia Fundi macho. "Habari za kazi, baba?"

"Nzuri, Mama," akasema Fundi. Sista naye akamgeukia, na Fundi akatamani kitasa kimfungie nje.

Mama mkwe akalala chumbani na binti yake, kwa kuwa mtu aliyeachwa halali peke yake. Fundi akapewa kochi, lililokuwa fupi kuanzia magotini. Redio ilikesha. Alfajiri mama alikuwa wa kwanza kuzungumza na usiku wa mwisho kunyamaza, na kila habari, ianze na mvua au bei ya mkaa, iliishia kwenye kiti. Fundi naye, kwa kukosa usingizi, akawa mtu wa kuguna: anaguna akiinuka, anaguna akikaa. Sista akawa anatoka kwa watoto wanaolia usiku kucha anaingia kwa watu wazima. Alinyamaza. Wanaomjua Sista wanasema akinyamaza ujifiche, ila Fundi aliona ni heri kuliko kugombezwa.

Mwishowe Sista akasema. "Aliyemtoa ndiye atakayemrudisha. Nenda."

Fundi akaenda. Alimkuta mzee Taratibu dirishani kwenye kiti, anautazama ukuta wa ghala kwa makini kama ulikuwa barabara.

"Baba, twende nyumbani. Mama anakulilia."

"Analia, au anaongea?"

Fundi akaona uongo hautafaa. "Anaongea."

"Mwanangu," mzee akasema, na hayo ndiyo maneno mengi zaidi Fundi aliyowahi kuyasikia kwake, "mimi sikuchukia kuongea kwake. Nimeyazoesha masikio. Ila miaka hii yote hajawahi kuniuliza kitu akangoja jibu. Wewe mkeo alikuja mwenyewe kukuchukua, alipanga foleni, mtaa mzima umesimulia. Wangu hajaja. Akija nitashuka hizo ngazi kabla hajamaliza kubisha hodi."

Ikamuuma Fundi, kwa kuwa alijua kikombe cha pili kinavyopoa. Lakini mama mkwe akaapa: yeye kumfuata mwanamume? Labda awe maiti! Fundi akaumiza kichwa siku nzima, kisha jioni akatupa neno kwa mbali, huku akikata mkate.

"Baba anaendelea vizuri. Mwenye nyumba anampelekea chai kila alasiri. Wanakaa, wanasoma vifungu vya mkataba."

Redio ikazimwa. Haikuwahi kuzimwa tangu iingie.

"Mwenye nyumba gani?"

"Yule mama. Mjane. Anasema hajawahi kupata mpangaji anayesikiliza kama Baba."

Na wala hakutia chumvi, chai ilipelekwa kweli. Mama mkwe alitafuta viatu, akavaa kimoja cha kwake na kimoja cha Sista, akatoka. Wanaokaa jengo lile wanasema alibisha hodi kwa ngumi, na mlango ulipofunguliwa akasimama, mdomo wazi, hana neno. Kisha akauliza, "Umekula?" Akangoja jibu. Mzee akasema bado. Wakashuka ngazi mama amemshika mzee mkono wa koti, na begi analibeba yeye.

Fundi alipoletewa habari hizo alijisikia shujaa. Akaimba. Akalivuta kochi mahali pake. Alikuwa bado anaimba mwenye nyumba alipobisha hodi, miwani puani, ufunguo mkononi.

"Mtu wako ameondoka," akasema. "Kifungu cha saba kinasemaje?"

Wimbo ukaishia hapo. "Mama, tafadhali..."

"Kinasemaje?"

"Na mtu huyo naye akiondoka," Fundi akasema kwa sauti ya mgonjwa, "nyumba inamrudia aliyemleta."

"Kamili. Shika ufunguo wako."

Fundi akarudi nyuma kana kwamba kanyooshewa kaa la moto. Akamgeukia mkewe, akaanza kujitetea mbio mbio: hakusikiliza alipoapa, atatafuta mtu mwingine, ataanza leo, ampe siku chache tu, ufunguo atauficha hata kibandani, hatauingiza humu ndani. Sista alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu, viatu bado viko mguuni. Alimsikiliza mpaka mwisho. Akaangalia kochi, akaangalia kitasa, akaangalia mezani mama yake alipoisahau redio. Kisha akanyoosha mkono kwa mwenye nyumba.

"Nipe mimi."

"Mwenzangu!" akasema Fundi.

"Unapiga mluzi?" mwenye nyumba akamuuliza Sista.

"Sipigi."

"Wageni?"

"Mama, mimi nataka kulala."

Mwenye nyumba akavua miwani, akamtazama vizuri, akaivaa tena. Akamgeukia Fundi. "Huyu unamleta wewe? Unamjua?"

"Ni mke wangu!"

"Sikuuliza ni nani wako. Nimeuliza unamjua?"

Fundi akafungua mdomo. Alijua anakunywa chai na sukari ngapi, alijua anavyocheka, alijua hasira zake kwa unyayo wake kwenye ngazi. Kwamba angenyoosha mkono ule hakujua. "Namjua," akasema, na hakuna aliyemwamini, yeye mwenyewe wa kwanza.

Sista aliapa palepale sebuleni, na sare zake, mkono juu. Kila kifungu alikisikiliza kwanza, ndipo akakirudia. Walipofika kwenye anayeondoka alete mtu, mwenye nyumba akamuuliza kama ameelewa.

"Hicho nimekielewa kuliko vyote," akasema. Akafungasha begi moja. Mlango ukamkatalia kidogo, akausukuma kwa nyonga kama alivyozoea, akatoka.

Kitasa Fundi alikitengeneza usiku uleule, na bisibisi ileile iliyokuwa mkobani siku zote.

Alikuwa ameruhusiwa na mkewe kwenda kumtembelea Jumapili, na abishe hodi kama mgeni. Akapiga pasi shati, akapanda ngazi, akabisha. Sista akafungua. Mifuko ya chini ya macho yake ilikuwa imeondoka, na Fundi akamwona kama alivyomwona enzi za uchumba, ikamfanya apoteze aliyoyapanga kusema.

"Nimetengeneza kitasa," akasema.

"Kinafunguka?"

"Kwa kidole kimoja."

"Afadhali. Hutapata shida kuingia."

Akamkaribisha kwenye kiti cha mikono, akaleta chai, vikombe viwili. Fundi alitaka kumwambia kwamba hapa alilia, kwamba alizungumza na birika, kwamba maneno yote yale ya sokoni aliyatunga ili apate kurudi kwake. Sista akainua kidole anyamaze. Akatia kijiko cha sukari kwenye kikombe cha mumewe, hakukoroga, akainamisha sikio.

"Uliposema inasikika nilidhani unatania," akanong'ona. "Unaisikia?"

Fundi akasikiliza kwa nguvu zake zote. Akasema ndiyo, anaisikia, maana alikuwa amekwisha kumwambia kila mtu sokoni kuwa inasikika.